Likizo ya uzazi nchini Tanzania

Likizo ya uzazi nchini Tanzania ni muda ambao mwajiriwa anayekaribia kujifungua au aliyejifungua hukaa nje ya kazi huku akiendelea kulipwa mshahara. Kwa Tanzania Bara haki hiyo imo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hasa kifungu cha 33. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano.

Historia

Katikati ya miaka ya 1970 sheria za ajira zilirekebishwa ili kila mwajiriwa mwanamke apate likizo ya uzazi yenye malipo, awe ameolewa au hajaolewa. Suala la wasioolewa lilizua ubishi mkubwa, kwa kuwa wapo waliodai kwamba serikali ingekuwa inabariki uzazi wa nje ya ndoa. Hoja iliyoshinda ilikuwa nyepesi kueleweka: mtoto mchanga anahitaji mama yake, na cheti cha ndoa hakibadilishi hitaji hilo. Sheria ya 2004 nayo haimuulizi mwajiriwa habari za ndoa.

Masharti ya likizo

Mwajiriwa hupata siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Haki hii huhesabiwa ndani ya mzunguko wa likizo wa miezi 36, na mwajiri analazimika kutoa likizo za uzazi zenye malipo mara nne tu kwa mwajiriwa mmoja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama anaweza kupata siku nyingine 84 ndani ya mzunguko uleule.

Mwajiriwa anatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya yake au ya mtoto inadai hivyo. Baada ya kujifungua haruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita kupita, isipokuwa kwa idhini ya daktari. Likizo ikiisha, anarudi kwa masharti yaleyale ya kazi aliyokuwa nayo. Kwa ujumla, aliyefanya kazi kwa mwajiri chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo.

Sheria inakataza pia kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Karibu na kujifungua, mjamzito halazimishwi kufanya kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Aliyeachishwa kwa sababu hiyo hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anapaswa kufanya hivyo ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki yao kwa kuchelewa tu.

Marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2025 yalimwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Kabla ya hapo, mama aliyekaa wodini kwa wiki kadhaa akimlea mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alikuwa akiitumia likizo yake hukohuko hospitalini.

Baba hupata likizo ya siku tatu zenye malipo, ambazo lazima zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Likizo na unyonyeshaji

Wataalamu wa afya, wakiwemo wa Shirika la Afya Duniani, wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo. Hapa ndipo sheria na ushauri wa kliniki vinapoachana. Mama aliyejifungua tarehe 1 Machi na kuanza likizo siku hiyohiyo anamaliza siku zake 84 tarehe 23 Mei, mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Kama alianza likizo wiki nne kabla, zimebaki siku 56 tu baada ya kujifungua.

Sheria inajaribu kuziba pengo hilo kwa kumruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi hadi saa mbili kwa siku. Saa hizo zinamfaa anayeishi karibu na kazini. Mfanyakazi anayeishi Mbagala na kufanya kazi katikati ya Dar es Salaam anaweza kuzimaliza zote kwenye daladala. Ndiyo maana waajiri wengi na wafanyakazi hukubaliana kuziweka mwisho wa siku, mama atoke mapema, na asubuhi aache nyumbani maziwa aliyoyakamua.

Katika nchi jirani

Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, yaani siku 98. Siku 84 ni wiki 12. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Ile ya Uganda ya mwaka 2006 inatoa siku 60 za kazi kwa mama na nne kwa baba. Rwanda ilipandisha likizo ya mama kutoka wiki 12 hadi 14 mwaka 2023.

Wasiofikiwa na sheria

Watanzania wengi wanaofanya kazi ni wakulima, wafugaji, wachuuzi na mafundi waliojiajiri. Kwao hakuna mwajiri wa kuandikiwa barua ya likizo, na mama lishe asiyefungua kibanda hana kipato siku hiyo. Mfanyakazi wa nyumbani, kwa upande wake, ni mwajiriwa kisheria, lakini mara nyingi hana mkataba wa maandishi, na akipata ujauzito kwa kawaida hurudishwa kwao.

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea pia wanachama waliojiajiri. Ugumu uko kwenye michango: fao la uzazi linadai michango ya muda mrefu, wakati mapato ya genge au ya shamba huja kwa msimu.