Sukari, chumvi na hesabu ya barafu

KIBORILONI ni kata katika Manispaa ya Moshi. Sukari na chumvi zinazouzwa katika maduka ya kata hiyo zinatosha kuonyesha jinsi wanakemia wanavyotafuta masi ya moli moja ya kampaundi kwa kugandisha maji, na jinsi njia hiyo inavyoweza kumpotosha asiyeielewa.

Moli ni hesabu, kama ilivyo dazeni. Moli moja ni takriban chembe 602 zikifuatiwa na sifuri 21.

Maji safi huganda katika nyuzi joto 0 za Sentigredi. Kitu kikiyeyushwa ndani yake, kiwango hicho hushuka. Katika miaka ya 1880, mwanakemia wa Ufaransa, François-Marie Raoult, alionyesha kuwa mshuko huo hutegemea idadi ya chembe zilizoyeyuka, wala si aina yake. Moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji hushusha nyuzi 1.86.

Chukua gramu 34.2 za sukari katika nusu kilo ya maji. Myeyusho huo huanza kuganda katika takriban nyuzi 0.372 chini ya sifuri. Gawanya 0.372 kwa 1.86, utapata moli 0.2 kwa kila kilo ya maji. Yaani moli 0.1 katika nusu kilo. Gramu 34.2 zikigawanywa kwa 0.1, jibu ni gramu 342, ambayo ndiyo masi ya moli moja ya sukari.

Chumvi haikubali hesabu hiyo. Gramu 5.85 katika nusu kilo ya maji hushusha karibu nyuzi 0.7, na jibu huwa takriban gramu 31, wakati masi halisi ni gramu 58.5. Sababu ni kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni za sodiamu na za kloridi, hivyo chembe huwa karibu maradufu.

Kwa hiyo, mpimaji hana budi kujua kwanza iwapo kampaundi yake hugawanyika. Aidha, myeyusho uwe hafifu, na kipimajoto kiweze kusoma sehemu ya mia ya nyuzi.

Kanuni hiyo hiyo humlinda mnunuzi wa maziwa. Maziwa halisi ya ng'ombe huganda karibu na nyuzi 0.53 chini ya sifuri. Yakiongezwa maji, kiwango hicho husogea kuelekea sifuri, na udanganyifu hubainika.