Magazeti na majarida ya Rwanda: tangu Kinyamateka hadi enzi ya intaneti

RWANDA ina eneo la kilometa za mraba 26,338, dogo kuliko Mkoa wa Arusha wa Tanzania. Hata hivyo, historia ya magazeti yake husomwa na wanasheria na waandishi wa habari duniani kote. Nchini humo gazeti lilichangia kuwaandaa watu kwa mauaji ya kimbari, na ni jijini Arusha ambako mhariri wa gazeti hilo alihukumiwa. Makala haya yanaeleza magazeti na majarida makuu ya nchi hiyo kwa kufuata nyakati zake.

Kanisa na Serikali

Gazeti kongwe na maarufu ni Kinyamateka, lililoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1933, likiandikwa kwa Kinyarwanda. Miongoni mwa waliopata kulihariri ni Padri Alexis Kagame, mwanahistoria na mshairi, na Grégoire Kayibanda, ambaye baada ya uhuru wa mwaka 1962 alikuwa Rais. Jarida la vijana la Hobe lilianza mwaka 1954, na jarida la Dialogue, la Kifaransa, likafuata mwaka 1967.

Serikali nayo ilikuwa na Imvaho kwa Kinyarwanda na La Relève kwa Kifaransa. Kwa miaka mingi magazeti haya hayakuwa na mshindani. Habari zake zilihusu zaidi ziara za viongozi na mipango ya maendeleo, na raia mwenye malalamiko hakuwa na ukurasa wa kuyasemea.

Hali ilianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1980. Kinyamateka, chini ya Padri André Sibomana, liliandika habari za njaa na ufisadi ambazo wakubwa hawakupenda zijulikane. Wakati huohuo lilizaliwa Kanguka, gazeti binafsi lililothubutu kuikosoa Serikali ya Rais Juvénal Habyarimana.

Kangura na chuki

Mwezi Mei 1990 lilitokea gazeti jingine lenye jina linalokaribiana mno na hilo: Kangura, chini ya mhariri Hassan Ngeze. Kanguka maana yake ni "amka". Kangura ni "amsha". Mfanano huo haukuwa wa bahati, kwani gazeti jipya lilikusudiwa kulipiku lile la kwanza.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, Kangura liliwaelekezea Watutsi wote lawama za vita hivyo. Desemba mwaka huo, katika toleo lake la 6, lilichapa zile zilizoitwa "Amri Kumi za Wahutu", zilizowakataza Wahutu kuoa wanawake wa Kitutsi, kufanya biashara na Watutsi na kuwahurumia.

Mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa mwaka 1991, magazeti yaliongezeka kwa kasi. Yalikuwapo Isibo, Rwanda Rushya, Le Flambeau na mengineyo. Mengi yalikuwa na mafungamano na vyama vya siasa. Julai 1993 kituo cha redio cha RTLM kilianza matangazo, na maneno yaliyokuwa yakisomwa na wachache wenye kisomo sasa yakawafikia watu wengi vijijini.

Mauaji ya kimbari yalianza Aprili 1994. Kwa muda wa siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao wakiwa Watutsi. Wanahabari hawakusalimika. Vincent Rwabukwisi wa Kanguka na André Kameya wa Rwanda Rushya ni miongoni mwa makumi ya waandishi waliouawa.

Hukumu ya Arusha

Ngeze alikamatwa nchini Kenya mwaka 1997 na kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, Arusha. Alishtakiwa pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na RTLM. Tarehe 3 Desemba 2003 wote watatu walipatikana na hatia.

Tarehe 28 Novemba 2007 Mahakama ya Rufaa iliwafutia baadhi ya makosa, na kifungo cha maisha cha Ngeze kikapunguzwa kuwa miaka 35. Majaji walieleza kuwa mamlaka yao yalihusu matendo ya mwaka 1994 pekee, hivyo matoleo ya nyuma ya Kangura, likiwamo lile la Amri Kumi, hayakuweza kuwa msingi wa kumtia hatiani. Hata hivyo, makala za mwaka 1994 zilitosha kuthibitisha kosa la uchochezi wa moja kwa moja.

Baada ya 1994

Imvaho lilirejea kwa jina la Imvaho Nshya, yaani Imvaho Mpya. Mwaka 1995 lilianzishwa The New Times, la Kiingereza, lugha iliyopata nguvu kwa kurejea kwa wakimbizi waliokuwa Uganda na nchi nyingine jirani.

Magazeti binafsi ya Kinyarwanda, kama vile Umuseso na Umuvugizi, yalijipatia wasomaji kwa kuikosoa Serikali. Aprili 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Rais, yote mawili yalifungiwa kwa miezi sita. Juni 24 mwaka huo, Jean-Léonard Rugambage, naibu mhariri wa Umuvugizi, aliuawa kwa risasi jijini Kigali. Wenzake waliinyooshea Serikali kidole, nayo ikakanusha. Mahakama iliwatia hatiani watu wawili.

Sheria ya mwaka 2013 iliwapa wanahabari nafasi ya kujisimamia wenyewe. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ilifuta kifungu kilichofanya kuwa jinai kuwadhihaki viongozi wa umma kwa katuni au maandishi. Kwa sasa wasomaji wengi hupata habari kupitia tovuti, mojawapo ikiwa IGIHE.

Mjadala mmoja haujaisha. Wanaotetea sheria kali hukumbusha yaliyofanywa na Kangura. Wanaozipinga hujibu kuwa kumbukumbu hiyo hutumiwa kuwanyamazisha hata wasiochochea chuki yoyote. Pande zote mbili zina makaburi ya kuonyesha, na wahariri wa Rwanda hufanya kazi yao katikati ya hoja hizo mbili.