Kisu na Mpini Wake: Historia ya Mhunzi wa Mwambao

Somo letu la leo ni la historia. Lakini hatutaanza na wafalme wala vita. Tutaanza na kitu kilichomo nyumbani mwa kila mmoja wenu. Mwalimu, tafadhali weka kisu juu ya meza, ili wote wakione.

Kitazameni vizuri. Kisu kina sehemu mbili. Kuna chuma chenye makali na ncha, na kuna mpini wa mti. Kile kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya mpini huitwa msuka. Pete inayoukaza mpini usipasuke huitwa noleo. Mkulima hutumia kisu shambani, mvuvi hukitumia pwani, na mgema hupanda mnazi na kotama yake kiunoni.

Fundi hodari aweza kufanya mpini wa matabaka. Huchukua vipande vyembamba vya mbao, mpingo mweusi na mninga wa rangi ya hudhurungi. Huvipanga kimoja juu ya kimoja, akavigandisha kwa gundi na kuvikaza kwa misumari. Halafu hupiga tupa na msasa mpaka mpini ukae vema mkononi. Kazi hiyo si ya urembo tu. Ubao mmoja ukilowa na kukauka mara kwa mara katika hewa ya pwani, hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Lakini nyuzi za vipande zikipishana, ufa haupati njia. Tena, vipande ambavyo seremala angevitupa hupata kazi.

Sasa, historia ya kisu katika nchi yetu ni kama mpini huo. Ina matabaka. Na tutazame moja moja.

Kuna kitabu cha kale kiitwacho Periplus. Kiliandikwa kwa Kiyunani, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na mfanya biashara aliyekaa Misri. Chataja bandari ya mwambao wetu iliyoitwa Rhapta. Mpaka leo wataalamu wanabishana ilikuwa mahali gani. Mwandishi huyo asema kwamba vyombo vilileta mikuki iliyofanywa Muza, katika nchi ya Yemeni, na mashoka, na visu, na nyuma za kutobolea. Viliporudi vilichukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Je, mtu akisoma maneno hayo atafikiri nini? Huenda akasema, “Kumbe! Wazee wa pwani hawakujua kufua chuma. Kila kisu kilitoka ng’ambo.” Na kweli wako waliofikiri hivyo. Lakini mfanya biashara huandika habari za mali yake mwenyewe. Hakuingia porini kutazama moshi wa matanuri.

Basi tuiulize ardhi. Huko Limbo, katika Wilaya ya Kisarawe, bara kidogo kutoka pwani, Mtanzania Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba katika miaka ya 1980. Aliona mavi ya chuma, yaani yale mabonge mazito, meusi, yanayobaki jiwe la chuma likiisha kuyeyushwa. Aliona pia vipande vya mirija ya udongo iliyopeleka upepo wa mivukuto katika moto, na vigae vya vyungu vya wakati ule ule. Mahali hapo pana umri wa zaidi ya miaka 1,700. Hivyo twajua kwamba watu wa mwambao waliyeyusha chuma chao wenyewe zamani sana. Visu vya Muza viliwakuta watu wanaojua kisu ni nini. Hilo ndilo tabaka la kwanza.

Tabaka la pili ni biashara. Mwaka 1154 mwanachuoni Al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha jiografia, alichomwandikia mfalme wa Sicily. Asema kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa. Asema tena kuwa chuma cha Sofala kilipelekwa Bara Hindi, na wafua panga wa huko walikisifu. Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka! Katika kitabu cha kwanza chuma kinaletwa kwetu. Katika kitabu cha pili chuma kinatoka kwetu. Karne moja hivi baada ya hapo, pale Kaole, karibu na mji wa Bagamoyo, watu walikuwa wanajenga misikiti ya mawe. Nayo magofu yake yapo hata leo.

Tabaka la tatu ni la misafara. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango mkubwa wa bara, na Saadani na Pangani zilikuwa milango pia. Nguo, shanga na nyaya za shaba ziliingia. Pembe za ndovu zilitoka. Tusifiche jambo: hata watu walitolewa, wakiwa wamefungwa minyororo. Chuma hakina kosa. Hufanya kisu, na hufanya mnyororo. Mwenye kuulizwa ni mtu.

Katika wakati huo, na baada ya serikali za Kijerumani na Kiingereza kuingia, chuma cha ng’ambo kilizidi kuja, nacho kilikuwa rahisi. Mapanga yalitoka viwandani Birmingham, Uingereza. Fikirini kazi ya mhunzi wa zamani: kuchimba jiwe la chuma, kukata miti, kuchoma makaa, kujenga tanuri, na kuvukuta mivukuto saa nyingi. Baada ya taabu yote hiyo hupata donge moja tu, ambalo lazima lipigwe nyundo tena na tena litoke takataka. Mtu akiona panga tayari dukani, atafanyaje? Matanuri yakazimika. Hayakuzimika kwa ujinga. Yalizimika kwa hesabu ya bei.

Lakini kiwanda cha mhunzi hakikuzimika. Hilo ni tabaka la nne. Mhunzi aliacha kuyeyusha mawe, akaanza kufua vyuma vikuukuu. Siku hizi hupenda springi za magari, kwa sababu ni chuma cha pua. Hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, akakiweka juu ya fuawe, akakipiga nyundo kabla hakijapoa. Umbo likiisha kupatikana, hukipasha tena na kukizamisha ghafula. Hapo huwa kigumu, lakini huweza kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hukipasha tena kwa moto mdogo, kipate ugumu wenye subira. Mwisho hukinoa na kukitia mpini.

Je, maarifa ya kuyeyusha yamepotea kabisa? Sikilizeni kisa cha Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1976 wazee wa huko, waliokuwa wameacha kazi hiyo miaka mingi, walijenga tanuri tena mbele ya wataalamu, wakavukuta, wakapata chuma cha pua. Wangalichelewa miaka ishirini, nani angaliwaonyesha?

Ndiyo maana nawaomba jambo moja. Mkilima shambani, jembe likagonga bonge jeusi, zito kupita jiwe la ukubwa wake, msilitupe wala msilipakie garini kujazia barabara. Liacheni mahali lilipo, mkamwarifu mwenyekiti wa kijiji au afisa wa mambo ya kale. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964. Bonge likiisha kuhamishwa hunyamaza, kama ukurasa uliochanwa katika kitabu. Nanyi mnaojifunza kusoma sasa mwajua thamani ya ukurasa mmoja.

Wahenga husema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika historia, aliyeandika ndiye aliyekuwa na kisu kikali. Mfanya biashara wa Rhapta aliandika, mhunzi wa Limbo hakuandika, na kwa muda mrefu habari za mhunzi hazikusikika. Leo kalamu iko mkononi mwenu.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini kitabu cha Periplus peke yake hakitoshi kutuambia habari za chuma cha mwambao?
2. Kwa nini matanuri ya kuyeyushia chuma yalizimika?
3. Mwulizeni mzee mmoja wa kijiji chenu: nani alikuwa mhunzi hapa, na alipata chuma wapi? Andikeni jibu lake kwa mistari mitano, pamoja na jina la mahali na tarehe ya siku mliyomwuliza. Karatasi hizo zitunzwe darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.