Uvamizi wa Masasi wa 1882: nani aliuandika?

Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni kutoka upande wa Songea waliingia Masasi. Walivamia kijiji cha misheni ya UMCA, kilichoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani na kutoka Unguja. Wapo waliouawa, wapo waliotekwa. Baadaye Padri Chauncy Maples alihamia Newala, juu kwenye Uwanda wa Makonde, kwa Matola, chifu wa Kiyao.

Habari hizi zimetufikia zaidi kwa barua na maandishi ya wamisheni. Ni ushahidi wa thamani, lakini ni wa upande uliovamiwa. Hata jina Magwangwara, wanalolitumia, ndilo watu wa huku walilowaitia Wangoni.

Jambo hili lina mwenzake wa zamani. Wamongolia walipovamia nchi za Kiislamu kuanzia 1219, Ibn al-Athir wa Mosul, Iraki, alikuwa hai. Alieleza kwamba aliahirisha miaka kadhaa kuandika habari hizo kwa jinsi zilivyomtisha. Ukimsoma yeye peke yake, Mmongolia ni balaa tu, hana nyumbani wala ukoo.

Lakini Juvayni, Mwajemi, aliwatumikia Wamongolia hao hao, na baada ya Baghdad kuanguka mwaka 1258 akawa gavana wake. Hakuficha mauaji, ila alieleza pia sheria zao na jinsi jeshi lao lilivyopangwa. Rashid al-Din, waziri wa mtawala Ghazan, alikwenda mbali zaidi: aliandika koo zao na asili yao kwa kuwauliza wenyewe. Bila shaka tunamsoma tukikumbuka nani alikuwa bwana wake.

Huku kwetu, Padri Yohanna Abdallah, Myao, aliandika kwa Kiyao historia ya watu wake, vita na Wangoni vikiwemo. Kitabu kilichapwa 1919. Naye pia ni sauti ya waliovamiwa.

Wapiganaji wa 1882 hawakuandika barua. Na Wangoni walikuwa na desturi ya kuwaingiza mateka katika vikosi na familia zao, hivyo wengi waliokuja kuitwa Wangoni walikuwa watoto wa watu waliotekwa njiani, tangu babu zao walipovuka Zambezi mwaka 1835. Kwa hiyo mjukuu wa mateka wa Masasi huenda alisimuliwa vita ile huko Songea, kwa upande wa washindi.