AINA NANE ZA MANENO: SAFARI YA ISTILAHI ZA SARUFI KUTOKA KIYUNANI HADI KISWAHILI

Kila mwanafunzi wetu anayeanza kujifunza sarufi ya Kiingereza hukutana mapema na orodha hii: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Huikariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na aghalabu huamini kwamba orodha hiyo ni ya maumbile, kana kwamba lugha zote za wanadamu zilijengwa tangu mwanzo zikiwa na vyumba vinane. Mara nyingi mwalimu wake naye huamini hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba orodha hiyo ina historia, na kwamba historia yake si jambo la wataalamu peke yao. Hoja yetu ni moja. Kila taifa lililoipokea orodha hii liliibadili ili ifae lugha yake, Waingereza wakiwamo. Mwalimu anayeifundisha bila kulifahamu jambo hilo humtia mwanafunzi katika makosa ambayo baadaye huitwa uzembe, ilhali chanzo chake ni istilahi yenyewe.

Chanzo cha orodha

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanafalsafa wa Kiyunani Plato alitofautisha sehemu mbili za usemi: jina, na kile kinachosemwa juu ya jina hilo. Hakuwa akitunga sarufi. Alikuwa akitafuta jinsi kauli inavyoweza kuwa ya kweli au ya uwongo. Kazi ya sarufi ilikuja baadaye mjini Aleksandria, katika nchi ya Misri, ambako wanachuoni walishughulika na kusoma na kusahihisha mashairi ya kale ya Homer. Kitabu kifupi cha sarufi kinachohusishwa na Dionysius Thrax, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, ndicho kilichoeneza hesabu ya aina nane. Wataalamu wa leo hubishana kama kitabu chote ni kazi ya mkono wake, lakini hawabishani juu ya nguvu kilizokuwa nazo kwa vizazi vilivyofuata.

Yafaa tuitazame orodha hiyo ya kwanza kwa makini. Ilikuwa na jina, kitenzi, neno linaloshiriki tabia za jina na za kitenzi kwa pamoja, neno dogo linaloandamana na jina ili kulibainisha, kiwakilishi, kihusishi, kielezi na kiunganishi. Msomaji ataona mara moja kwamba kivumishi hakimo. Wayunani walikihesabu kuwa ni jina la namna fulani, maana katika lugha yao maneno ya sifa yalibadilika miisho yake kama majina yanavyobadilika. Kihisishi nacho hakimo.

Warumi walipoichukua orodha hiyo walikuta tatizo. Kilatini hakina lile neno dogo la kubainisha jina, kwa hiyo chumba kimoja kilibaki kitupu. Badala ya kuhesabu aina saba, walikitenga kihisishi na kukipa nafasi ya peke yake; sifa ya jambo hilo hupewa Remmius Palaemon, mwalimu wa karne ya 1 baada ya Kristo. Basi idadi ikabaki nane, lakini yaliyomo yakawa mengine. Katika karne ya 4 Donatus aliandika mjini Roma kitabu kidogo cha maswali na majibu juu ya aina hizo nane, na takriban mwaka 500 Priscian akaandika mjini Konstantinopoli sarufi kubwa yenye vitabu 18. Watoto wa shule za Ulaya walifundishwa kwa vitabu hivyo viwili kwa karne nyingi.

Si kila mtu alihesabu nane

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo sababu ya kukumbuka kwamba ulikuwapo mfano mwingine. Maneno yetu mawili tunayoyatumia kila siku katika fani hii, sarufi na nahau, yote mawili yana asili ya Kiarabu. Sibawayhi, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, alikifungua kitabu chake kikuu kwa kuyagawa maneno ya Kiarabu katika aina tatu tu: jina, kitendo na herufi, yaani neno lililotumika kuleta maana isiyokuwa ya jina wala ya kitendo. Mgawanyo huo ndio uliomo pia katika kitabu kifupi cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, ambacho kimesomeshwa katika vyuo vya dini vya pwani yetu. Kwa hiyo walikuwapo Waswahili waliosoma nahau yenye aina tatu za maneno kabla hawajasikia habari ya zile nane. Hawakupungukiwa na elimu kwa ajili hiyo.

Waingereza nao walikuwa wanafunzi

Takriban mwaka 1000, mtawa mmoja wa Uingereza aitwaye Ælfric aliandika sarufi ya Kilatini kwa lugha ya Kiingereza cha wakati ule, ili vijana wa nchi yake waelewe. Ilimbidi afanye kazi ile ile tunayoifanya sisi leo, yaani kuunda istilahi. Jina aliliita “nama”. Kiwakilishi alikieleza kuwa ni badala ya jina. Kielezi alikiita mwandamani wa neno. Kihisishi alikipa istilahi yenye maana ya kitu kilichotupwa katikati. Alichukua mizizi ya lugha ya mama yake na kuitumikisha.

Lakini mwaka 1066 Wanormandi waliiteka Uingereza, na Kiingereza kikaondoka katika nafasi za heshima na elimu. Kiliporudi baada ya karne kadhaa, istilahi nyingi za Ælfric zilikuwa zimesahauliwa, na mahali pake pakashikwa na maneno yenye asili ya Kilatini yaliyopitia Kifaransa. Hii ndiyo sababu Mwingereza wa leo huwa na “name” kwa jina la mtu na “noun” kwa jina la kisarufi, ingawa kwa Wayunani na Warumi neno lilikuwa moja kwa maana zote mbili.

Jambo hili linatuhusu. Vitabu vyetu vya zamani vya shule vilitumia neno “jina” kwa maana zote mbili, na baadaye “nomino” ikaingizwa ili kuondoa utata. Wako waliolalamika kwamba tumeacha neno letu na kukimbilia la kigeni. Lalamiko hilo lina uzito wake. Lakini ikumbukwe kwamba Kiingereza chenyewe kilipata faida ile ile kwa njia ile ile ya kuazima.

Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa kwa Kiingereza ilitolewa na William Bullokar mwaka 1586, naye aliifuata sana sarufi ya Kilatini iliyokuwa ikitumika mashuleni. Mwaka 1653 John Wallis alilalamika kwamba waliomtangulia walikilazimisha Kiingereza kiingie katika kalibu ya Kilatini. Na lalamiko hilo aliliandika kwa Kilatini. Mabadiliko makubwa yalionekana katika karne ya 18. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, na Lindley Murray, katika sarufi yake ya mwaka 1795 iliyoenea mno mashuleni, walihesabu aina tisa za maneno, wala si nane. Lile neno dogo la kubainisha jina, lililotupwa na Warumi, likarudishwa kwa kuwa Kiingereza kinalo. Kivumishi kikapewa chumba chake, kwa kuwa katika Kiingereza hakibadiliki kama jina linavyobadilika.

Hata hapo mambo hayakutulia. Mwaka 1952 Charles Fries wa Marekani, aliyechunguza mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, aliiacha orodha ya zamani kabisa na kuyagawa maneno ya Kiingereza katika makundi makuu 4 na makundi madogo 15 ya maneno ya kuunganisha na kuonyesha uhusiano. Kwa hiyo wenye lugha wenyewe hawajakubaliana juu ya idadi.

Orodha inafika kwetu

Wamisionari waliokiandikia Kiswahili sarufi walikuja na vyumba walivyovizoea. Ludwig Krapf alichapisha muhtasari wake mwaka 1850, na Edward Steere akatoa kitabu chake juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, kikiwa na sura za majina, vivumishi, viwakilishi, vitenzi na kuendelea, kwa mpangilio ambao msomaji wa Kiingereza angeutambua mara moja. Hatuwalaumu. Walihitaji mahali pa kuanzia, na kazi yao imetufaa.

Hata hivyo lugha ilikataa kukaa kimya ndani ya vyumba hivyo. Mwaka 1935 Clement Doke alichapisha kitabu cha istilahi za lugha za Kibantu, akieleza aina ambazo orodha ya Ulaya haikuwa na nafasi nazo, hasa maneno kama “pi” katika “nyeusi pi” au “chubwi” katika “alitumbukia chubwi”. Mwaka 1944 Ethel Ashton alitoa sarufi ya Kiswahili iliyojengwa zaidi juu ya ngeli na viambishi, na juu ya fikra zinazobebwa navyo, kuliko juu ya zile aina nane.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, pamoja na wanachuo wetu, waliirithi kazi ya kusanifu lugha na istilahi zake. Istilahi za sarufi tulizo nazo leo nyingi zimejengwa kwa ustadi kutokana na vitenzi vyetu: tenda, vumisha, eleza, wakilisha, husisha, unganisha. Kila moja yaonyesha kazi inayofanywa na neno. Hilo ni jambo jema. Lakini lina hatari yake, maana anayesikia “kitenzi” hutafuta tendo, na akikuta “ni” katika “Juma ni mwalimu” haoni kitenzi chochote. Ndiyo sababu ilibidi tuunde istilahi ya “kitenzi kishirikishi”.

Mahali ambapo vyumba havilingani

Hapa ndipo palipo na madhara ya kweli darasani. Tuchukue mifano michache.

Mswahili husema “nina njaa”, na njaa ni nomino. Mwingereza husema “I am hungry”, na neno la mwisho ni kivumishi. Mswahili husema “mti umekauka” kwa kitenzi. Mwingereza aweza kutumia kivumishi “dry”. Mswahili husema “alinipikia” kwa neno moja, na uhusiano wote umo katika kiambishi na mnyambuliko. Mwingereza huhitaji kihusishi “for” na kiwakilishi baada yake. Vivyo hivyo “nyumbani”: kwetu ni neno moja lenye kiambishi -ni, kwao ni kihusishi na nomino.

Kadhalika, Kiswahili hakina lile neno dogo la kubainisha jina, kama vile Kilatini kisivyokuwa nalo. Haina maana kwamba hatuwezi kubainisha. Aghalabu asemaye “nimeona kitabu” hutaja kitabu chochote, na asemaye “nimekiona kitabu” hutaja kile kinachojulikana. Mwalimu akimwonyesha mwanafunzi kwamba kazi ya “the” tayari anaijua, ila kwetu huweza kufanywa na kiambishi cha mtendwa, atakuwa amemfungulia mlango. Akimwambia tu kwamba ni neno lisilo na tafsiri, amemfungia.

Tena, Kiswahili huonyesha aina ya neno kwa umbo lake mara nyingi zaidi kuliko Kiingereza. Neno “round” laweza kuwa nomino, kivumishi, kitenzi, kielezi au kihusishi bila kubadilika hata herufi moja. Nafasi yake katika sentensi ndiyo inayoamua. Mwanafunzi aliyeambiwa akariri kwamba neno fulani “ni” kivumishi hupotea akilikuta mahali pengine. Lakini mtu huyo huyo hapotei katika lugha yake: ajua kwamba katika “haraka haraka haina baraka” neno la kwanza ni nomino, na katika “njoo haraka” ni kielezi. Tuanzie hapo anapopajua.

Hitimisho

Hatupendekezi kwamba orodha ya aina nane itupwe. Ni chombo kilichotumika kwa zaidi ya miaka 2000, na mwanafunzi anayekwenda kusoma vitabu vya Kiingereza hana budi kukifahamu. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu aulize daima neno linafanya kazi gani katika sentensi hii, kabla ya kuuliza linaitwaje. Pili, mfasiri asidhani kwamba kitenzi hufasiriwa kwa kitenzi na kivumishi kwa kivumishi. Afasiri maana, na aina ya neno itajipata yenyewe. Tatu, wanaounda istilahi wasione haya pale Kiswahili kinapodai chumba kisichomo katika sarufi ya Ulaya, wala wasilazimishe kujaza chumba ambacho Kiswahili hakikihitaji.

Warumi waliondoa chumba kimoja wakaongeza kingine. Waarabu walitosheka na aina tatu. Waingereza walihesabu nane, kisha tisa, kisha wakabishana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeiharibu lugha yake kwa kufanya hivyo. Nasi tukiifuata lugha yetu inakotupeleka, tutakuwa tumefanya kile ambacho wanasarufi wa kila zama wamekifanya, na mtoto wetu atajifunza Kiingereza vizuri zaidi kwa kuwa ameijua kwanza nyumba anayotoka.