Gereza: Neno lililotoka Ugiriki hadi Fort Jesus

NENO ‘gereza’ hutajwa karibu kila siku katika taarifa za mahakama, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba asili yake ni neno lililohusu raia walio huru.

Chimbuko lake ni ‘ekklesia’ la Kigiriki, lililoundwa kwa ‘ek’, yaani kutoka, na ‘kalein’, yaani kuita. Katika jiji la Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, ekklesia lilikuwa baraza la raia walioitwa kukutana na kuamua kwa kura masuala ya sheria na vita. Hata hivyo, wanawake, watumwa na wageni hawakuruhusiwa kushiriki.

Wakristo wa kwanza walioandika kwa Kigiriki walilitumia neno hilo kwa maana ya jumuiya ya waumini. Baadaye likamaanisha pia jengo la ibada. Katika Kilatini likawa ‘ecclesia’, na katika Kireno ‘igreja’.

Ni Wareno waliolileta Pwani. Mwaka wa 1593 walianza kujenga Fort Jesus kando ya Mji wa Kale, Mombasa, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ndani ya kuta zake mlikuwa na kanisa. Katika vinywa vya Waswahili, ‘igreja’ likawa ‘gereza’, na maana ikapanuka kutoka kanisa hadi ngome nzima. Ushahidi ungalipo Kilwa Kisiwani, Tanzania, ambako ngome kongwe iliyo ufuoni huitwa Gereza hadi leo.

Waarabu wa Oman waliwang’oa Wareno mwaka wa 1698, baada ya kuizingira ngome kwa zaidi ya miaka miwili. Wareno walikwenda, neno likabaki. Na kwa kuwa ngomeni ndiko wafungwa walikozuiliwa, maana ilihama tena, ikawa mahali pa kufungia watu.

Fort Jesus yenyewe ilikuja kuithibitisha maana hiyo, kwani ilitumiwa na Waingereza kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Siku hizi ni makavazi, na mwaka wa 2011 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia.

Neno ‘kanisa’ nalo lilipitia njia nyingine. Tulilipata kwa Waarabu, nao walilipokea kutoka Kiaramu, ambako mzizi wake ni kukusanya. Hivyo basi, kanisa na gereza, maneno yaliyotengana kabisa leo, yote mawili yalianza na mkusanyiko wa watu.

Asili ya neno, kwa hivyo, haiifungi maana yake. Lugha hufuata yale ambayo watu huyaona yakitendeka. Athens, mwito ulimtoa raia nyumbani kwake akaseme barazani. Mombasa, neno lilo hilo likaishia kwenye mlango unaofungwa kwa nje.