Mnyororo na Wakfu: Wazee Wetu Waliwatunzaje Wagonjwa wa Akili?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na swahaba zake.

Ndugu yangu, somo la leo ni refu. Kama una haraka, lihifadhi ulisome baada ya Isha, lakini usiliache.

Nianze na kisa alichokipokea Imam Muslim kutoka kwa Anas (r.a.). Palikuwa na mwanamke Madina ambaye akili yake haikuwa sawa. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia ana haja naye. Mtume hakumfukuza, wala hakumwambia swahaba yeyote amwondoe. Alimwita kwa jina la heshima, kama sisi tunavyosema "mama fulani", kisha akamwambia achague njia yoyote ya mji anayoitaka, naye atakwenda amsikilize mpaka haja yake iishe. Wakaenda, akasimama naye njiani mpaka akamaliza.

Tafakari hapo. Kiongozi wa umma mzima, mwenye majeshi na wajumbe wa kumsubiri, na anayechagua mahali pa kukutana ni mwanamke ambaye mitaani kwetu watoto wangemrushia mawe.

Sasa nakuuliza: mtaani kwako yuko wapi mtu wa namna hiyo? Ukinijibu kwamba amefungwa chumba cha uani kwa kamba au mnyororo, basi somo hili ni lako na langu. Wengi wetu tunadhani kufungwa kule ndiyo dini na ndiyo mila. Twende kwenye historia tuone.

KWANZA: MNYONGE ANA FUNGU LAKE

Imam Tabari ameandika kwamba khalifa Walid bin Abdul-Malik, katika mwaka wa 88 Hijria, sawa na 707 Miladia, aliwapangia wagonjwa wa ukoma posho ili wasilazimike kuombaomba. Kila kiwete akampa mtumishi, na kila kipofu akampa mtu wa kumshika mkono. Hao si wagonjwa wa akili, lakini shika msingi wake: mtu asiyejiweza hakuachiwa familia yake peke yake. Alikuwa na fungu katika mali ya umma.

Juu ya msingi huo zikaja bimaristani. Neno hilo ni la Kiajemi, "bimar" ni mgonjwa na "stan" ni mahali. Baghdad ilikuwa nazo, na tabibu mkubwa Abubakar Razi, aliyefariki mwaka 925, aliongoza mojawapo. Zama hizo hizo aliishi Abu Zayd Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Huyu aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na ya nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili. Sehemu ya pili ni ya nafsi: hasira, hofu, huzuni, na wasiwasi unaomrudia mtu kichwani bila kukoma. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita mwanachuoni wa Kiislamu alikuwa anaeleza kwamba nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, na kwamba ina tiba yake. Hakusema kila huzuni ni jini.

PILI: ALICHOKIONA IBN JUBAYR

Mwaka 1183 mtu wa Andalusia aitwaye Ibn Jubayr alisafiri kwenda Hija, akapitia Misri. Aliyoyaona Kairo aliyaandika. Sultan Salahuddin alikuwa na hospitali mfano wa kasri, yenye makabati ya dawa na vitanda vilivyotandikwa. Pembeni palikuwa na sehemu ya wanawake. Na palikuwa na sehemu ya tatu, uwanja mpana wenye vyumba vya madirisha ya chuma, ya wagonjwa wa akili. Anasema walikuwapo watu waliopita kila siku kuangalia hali zao na kuwapa kinachowafaa.

Sitaki nikudanganye kwa kukupambia historia. Mwaka uliofuata Ibn Jubayr alifika Damascus, ambako Nuruddin Zangi alikuwa amejenga bimaristani mwaka 1154. Anasema wagonjwa wa akili waliowekwa ndani walikuwa na matibabu yao, na anasema pia kwamba walifungwa minyororo. Kwa hiyo mnyororo wazee wetu waliujua. Tofauti ni kwamba kwao aliyefungwa alikuwa na tabibu, chakula, dawa na mtu wa kumtazama. Kwetu mara nyingi ana mnyororo peke yake.

TATU: PESA ZILITOKA WAPI?

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Unaweza kujenga hospitali kwa hamasa ya mwezi mmoja, lakini huwezi kuiendesha kwa hamasa miaka mia tano. Wazee waliliendesha jambo hili kwa wakfu.

Wakfu unaujua. Ni ile njia Mtume (s.a.w.) aliyomwelekeza Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba Khaybar: mali yenyewe inazuiwa, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na mapato yake yanakwenda kwa wahitaji.

Mfano mkubwa ni Sultan Qalawun wa Misri. Kabla hajatawala aliugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizoletwa kutoka bimaristani ya Nuruddin. Akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga kama ile. Akaijenga Kairo mwaka 1284, na akaiwekea wakfu wa maduka, mahamamu na nyumba za kupangisha. Mwanahistoria Maqrizi anasema mapato yalikaribia dirhamu milioni moja kwa mwaka.

Hati ya wakfu ule iliwataja wanaostahiki: tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni. Wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao ndani ya hospitali hiyo hiyo. Aliyekufa alizikwa kwa mali ya wakfu. Na maskini aliyeugua nyumbani kwake alipelekewa dawa huko huko aliko. Leo serikali na mashirika yanasema huduma za afya ya akili zimfuate mtu kwenye jamii yake. Wenzetu waliliandika jambo hilo kwenye hati ya wakfu zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Mwaka 1354, mjini Halab, gavana Arghun Kamili alijenga bimaristani ambayo jengo lake lilidumu hadi zama zetu. Vyumba vya wagonjwa wa akili vinazunguka viwanja vidogo vyenye chemchemi ya maji katikati, ili mgonjwa asikie maji yakitiririka. Na huko Edirne, Uturuki, Sultan Bayezid wa Pili alikamilisha hospitali yake mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeiona katika karne ya 17, anaeleza kwamba wagonjwa walipewa maua wanuse, na wapigaji ala walilipwa waje mara tatu kwa wiki kuwatuliza.

NNE: MNYORORO ULIRUDIJE?

Ikawaje basi? Ilipofika karne ya 19, wageni waliotembelea ile bimaristani ya Qalawun waliandika habari za watu waliofungwa minyororo katika vyumba vichafu. Jengo lilikuwa lile lile na dini ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mali za wakfu zilikuwa zimechakaa, na nyingine zimeliwa, tena mara nyingi na wale waliokabidhiwa kuzisimamia. Tabibu akiondoka kwa kukosa mshahara na dawa ikikosekana, kinachobaki ni mlango na chuma.

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka uondoke nalo leo: mnyororo hurudi pale amana inapoliwa. Usiseme wanaowafunga ndugu zao ni makatili. Wengi wao ni watu waliochoka, hawana msaada, hawana nauli, na wanaogopa mtoto wao ataingia barabarani agongwe na gari.

TANO: HAPA KWETU

Katika Afrika Mashariki, hospitali za wagonjwa wa akili zilikuja na wakoloni. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa ya wagonjwa wa akili. Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa hao mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927. Unguja pana Kidongo Chekundu. Kwa miaka mingi nyumba hizo zilikuwa za kuwatenga watu zaidi kuliko kuwatibu, na mpaka leo mtu akitaka kumtukana mwenzake anamwambia "wewe ni wa Mirembe".

Baadaye fikra ikabadilika. Nigeria, mwaka 1954, Dokta Thomas Adeoye Lambo alianza utaratibu wa kuwaweka wagonjwa kwenye vijiji vya jirani na hospitali ya Aro, Abeokuta, kila mmoja na ndugu yake, wanaishi na wanakijiji na kwenda kutibiwa. Tanzania nayo baada ya uhuru ikaanzisha vijiji vya namna hiyo, wagonjwa wakaishi na kulima. Leo kliniki za afya ya akili zimesogea hadi hospitali nyingi za serikali. Hiyo ni kodi yako na yangu, na ni jambo jema. Lakini njia kutoka chumba cha uani mpaka kliniki bado ni ndefu, na sisi wa misikitini tumekaa katikati ya njia hiyo.

SITA: KOSA LANGU

Nikiri hapa mbele yenu. Miaka ya nyuma mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea habari ya kijana wake. Alikuwa halali, anazungumza na watu wasioonekana, anavua nguo. Aliniambia, "Shehe, nisaidie mwanangu." Nilikwenda nikamsomea. Nikarudi tena na tena, miezi minane. Sijutii kisomo, Qur'an ni shifaa. Ninachokijutia ni kwamba katika miezi yote hiyo sikufungua mdomo hata mara moja kumwambia yule mama, "Mpeleke na hospitali." Na ile kamba mguuni mwa kijana niliiona kila nilipokwenda.

Aliyempeleka ni mjomba wake aliyekuja kutoka safari. Akaanza dawa, akatulia. Leo anaswali na sisi safu ya pili, na anapotawadha kovu la kamba linaonekana kwenye kifundo cha mguu. Kila nikiliona najua lile kovu lina sehemu yangu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Nani aliyetuambia ugonjwa wa akili umetolewa katika maneno hayo?

SABA: TUFANYE NINI?

Kwanza, shehe mwenzangu unayesoma watu: soma, lakini siku hiyo hiyo waambie waende kliniki. Na mgonjwa akishaanza dawa usimwambie aziache kwa sababu ya kisomo. Kuacha au kubadilisha dawa ni jambo la kuzungumza na daktari.

Pili, usikubali mtu apigwe au anyimwe chakula kwa jina la kutoa jini. Kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi. Wewe unayempiga kalamu yako inaandika.

Tatu, turudi kwenye wakfu. Pwani yetu ina maduka ya wakfu, nyumba za wakfu, minazi ya wakfu. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya kuna tume yake ya wakfu. Kamati za misikiti kaeni mjiulize: je, hatuwezi kuwa na chumba kimoja cha kupangisha ambacho kodi yake ni nauli ya wagonjwa kwenda kliniki kila mwezi, na dawa pale zinapokosekana hospitalini? Hatuhitaji mapato ya Qalawun. Tunahitaji daftari safi, mashahidi wawili, na msimamizi anayemwogopa Mola wake.

Nne, leo kabla hujalala, mtaje moyoni yule mtu wa mtaani kwako uliyemkumbuka ulipoanza kusoma. Kesho nenda kwao. Usiende na ushauri. Nenda ukasimame na mama yake hapo anapotaka yeye, umsikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu wa miili na wa akili, wape subira wanaowauguza, na utusamehe sisi tulioona tukanyamaza. Aamin.

Wallahu a'alam.

Ukiona lina faida, mfikishie na mwenzako.